Kwa Nekesa, Kabla Hujapanda Mlima wa Kwetu

Nekesa mwanangu,

Salamu nilishakupa, tena umetoka jikoni sasa hivi na mnofu wa nyama mdomoni ukidhani sijaona. Umesema unaenda kumuaga Mama Chebet. Namjua huyo, hatakuachilia kabla hajakulisha, akakuombea, na akakueleza ugonjwa wa ng'ombe wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hivyo nina nafasi ya kuandika. Baba yako ameketi nje anapaka rangi viatu vyako vya kupandia mlima, ati mtoto wake asionekane mchafu mbele ya watu wa Nairobi. Nimemwambia vitajaa matope kabla ya chai ya saa nne. Anaendelea kupaka tu.

Habari ya sweta, dawa ya malaria na maji ya kuchemsha sitaandika. Nimekuimbia hiyo wiki nzima mpaka umeanza kuniitikia kama kwaya. Nataka kukuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na nikilia wewe utaanza kunibembeleza, na hatutafika popote.

Kwanza acha nijisifu. Jumapili nilisimama kanisani wakati wa matangazo nikasema mtoto wangu anaenda Malakisi kuongoza watu watakaokagua mlima kabla kampuni haijaanza kuchimba mawe ya chokaa. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akauliza, "Anakagua nini?" Nikamwambia anatafuta pale watu wa zamani walipokaa, walipopika, walipozika wafu wao, ili mashine isije ikameza kaburi la mtu bila yeyote kujua. Akasema, "Huyo msichana?" Nikasema ndio, huyo huyo, na wanaume watatembea vile atakavyowaambia. Mchungaji ilibidi aombe watu wanyamaze.

Lakini mlima wenyewe, wewe unajua na mimi najua, ni mlima wa kwetu. Nilizaliwa ubavuni mwake, na mjomba wako Wanyonyi mpaka leo analima tumbaku hapo chini. Ulipopewa kazi hii ulimwambia mkubwa wako wazi kwamba pale ni kwa wajomba zako. Akasema sawa, ongoza, na yeye mwenyewe atakuja kukagua upya kila utakachoandika. Ulifanya vizuri kusema kabla hujaulizwa.

Sasa, huyo mjomba wako alikuja hapa Jumapili jioni na jogoo kwapani. Nilikwambia amekuja kutusalimu. Hukuniamini, nilikuona. Jogoo yuko nyuma ya jiko mpaka leo, amefungwa kamba, anawika, na hapa kwetu mtu hafungi jogoo wa ndugu yake wiki nzima bila kumchinja ila kuna maneno. Maneno yenyewe ni haya: alikuja kuniomba nikuombe uandike kwamba mlima hauna kitu. Nitakueleza nilivyomjibu. Lakini jibu langu lilitoka Kilima Fisi, na habari ya Kilima Fisi wewe unaijua nusu.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikuwa tunakaa Kipsongo, chumba kimoja cha matope, na mimi nauza githeri kando ya barabara. Baba yako alikuwa utingo wa lori la mahindi, leo yuko Kitale, kesho yuko Nakuru. Siku moja asubuhi Land Rover ikasimama mbele ya sufuria yangu, akashuka mama mmoja mfupi, amevaa suruali, na Kipsongo yote ikatoka kuangalia hiyo suruali. Huyo ndiye Madam. Alikuwa anatafuta vibarua wa kukagua Kilima Fisi kabla hakijapasuliwa mawe. Wanaume wakajipanga haraka. Yeye akasema anataka na wanawake. Kijana mmoja akacheka, "Madam, hawa watapanda mawe na leso?" Madam akamuuliza, "Sindano ikipotea kwenu nyumbani, nani huiona?" Yule kijana akajikuna kichwa. Mimi nikafunika githeri yangu, nikapanda gari.

Kazi hiyo wewe umeisoma kwa vitabu, mimi niliisoma kwa magoti. Kilima Fisi kilikuwa kibaya, mama. Mawe yanayoteleza, makorongo, miiba ile inayoshika nguo na haiachi. Tulipangwa mstari mmoja, mtu hapa, mtu pale, kutoka korongo mpaka mwamba, halafu mnatembea pamoja, polepole, macho chini. Ukiona kigae, au jiwe la kusagia, au majivu yaliyoshikana na udongo, unaita "Bendera!" na mstari wote unasimama. Madam anakuja, anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu, anapima, anaandika, ndipo mnaendelea. Na ukikuta kichaka cha miiba mbele yako, huzunguki. Unaingia. Ukizunguka, hapo ulipoacha hakuna mwingine atakayepaona, na kwenye karatasi patahesabiwa kwamba pameonwa. Mama Chebet, ambaye saa hii anakulisha, aliteremka korongo moja akiwa ameketi, gauni likabaki nusu juu na nusu chini. Alipofika chini akainua mkono na kigae: "Bendera!" Tulicheka mpaka Madam akalazimika kukaa.

Hiyo habari unaijua. Ya karai pia unaijua, kwa maana baba yako huisimulia kila tukipata wageni. Lakini huisimulia kwa kicheko, na huacha mahali kicheko kinapoishia. Leo nitaimaliza.

Jioni moja, mstari ukiwa umeshafungwa na watu wanashuka kwenda kwenye gari, mimi na Mama Chebet tulipitia chini ya mwamba mmoja kujisitiri, tukakuta kiwanja. Vigae vimejaa, vingine vyeusi kwa masizi, jiwe la kusagia limelala pale, majivu, na shanga ndogo za mifupa. Tukaitana kwa kunong'ona, utafikiri wenyewe wamelala ndani. Mvua ilikuwa inakuja na Madam alikuwa mbali. Tukakubaliana tutamwonyesha kesho. Na kesho yake, tulijua, alikuwa anatarajia mgeni, mkubwa wake kutoka Nairobi.

Sasa fikiria vile mimi nimelelewa. Mgeni anakuja, uwanja haujafagiliwa, vyombo vimetapakaa? Mama yangu angenichapa. Madam alikuwa ametuambia tusiguse kitu, ndio, lakini nisikilize vizuri. Sisi watu wa Kipsongo tukiambiwa "usiguse" tunasikia "usiibe." Ndivyo tulivyozoea kuambiwa kwa maduka ya mjini, kwa nyumba za watu tunakofua nguo. Mimi sikuwa naiba. Kwa hivyo nikajua amri hiyo hainihusu.

Asubuhi na mapema, kabla gari halijapita kuchukua watu, tulikuwa tumefika kwa miguu. Tukakata matawi tukafagia hicho kiwanja mpaka kikapendeza. Majivu tukayamwaga korongoni. Vigae tukaviokota vyote, tukavipeleka kijitoni, tukavisugua kwa mchanga mpaka masizi yakatoka, tukavipanga kwa karai, vikubwa chini, vidogo juu. Jiwe la kusagia tukaliegemeza mwambani kama la kuuza. Halafu tukasimama pembeni, mikono tumekunja, tukingoja kusifiwa.

Madam alipofika na mgeni wake aliangalia karai. Akaangalia mahali tulipofagia. Hakupiga kelele. Angenitukana ningemshukuru. Akaketi juu ya jiwe, akasema, "Mama Nekesa, umenionyesha vigae. Sasa nionyeshe nyumba." Nikasema nyumba ilikuwa hapa. "Mlango ulitazama wapi? Walipika upande gani? Kigae hiki kilikuwa karibu na majivu au karibu na jiwe?" Na nilikuwa nimeyaona yote kwa macho yangu, jana yake tu. Nilikuwa nimeyafagia.

Hapo ndipo baba yako huachia na wageni hucheka. Sehemu ya pili ni hii. Yule mgeni kutoka Nairobi alisema vigae ndani ya karai haviwezi kulinda mahali, maana vingeweza kutoka popote. Madam alimbishia mpaka sauti ikakauka. Wapi! Walipochora mpaka wa pale pasipochimbwa, mwamba wangu ukabaki nje. Mashine zilipokuja nilikuwa nauza githeri huko huko, wachimbaji ndio walikuwa wateja wangu, na usinione mnafiki kwa hilo. Sare yako ya shule ilitoka kwa sufuria hiyo. Siku walipofika kwenye ule mwamba nilikuwa nimeshika mwiko. Mashine ikauma ubavu, mawe yakaporomoka, na ndani yake mifupa. Ya watu, Nekesa. Fuvu moja lilikuwa dogo sana. Kabla mtu hajapiga ukelele lori lilikuwa limeshajazwa mawe na mifupa pamoja na limeshaondoka. Wale vijana wakavua kofia, wakasimama, hawakujua la kufanya. Halafu wakarudi kazini, kwa sababu waliajiriwa. Nililia mbele ya wateja, nikashindwa kupakua chakula.

Sikuandikii haya unihurumie. Nilishajihurumia vya kutosha. Nakuandikia kwa sababu wewe sasa ndiwe Madam, na kwa mstari wako atakuwepo mama mmoja mwenye bidii, mwenye adabu, ambaye atafanya kosa zito kabisa kwa sababu anakupenda na anataka upendeze mbele ya wageni. Ukimwambia "usiguse," mweleze ni kwa nini. Mimi nilieleweshwa nikiwa nimechelewa.

Na akikosea, kumbuka alichonifanyia Madam. Baada ya ile siku ya karai sikwenda kazini. Nilijifungia ndani, nikamwambia baba yako kichwa kinaniuma. Nilikuwa na aibu hadi nikaona afadhali nirudi Kabuchai kwa watu wa baba yako nikalime miwa ya wenyewe. Asubuhi Land Rover ikasimama mlangoni. Madam akainama akaingia, maana mlango wetu ulikuwa mfupi hata kwake, akaketi kwa kile kigoda chako. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Mstari una pengo," akasema.

"Madam, mimi nimekuharibia kazi."

"Ndio, umeniharibia. Na leo kuna pengo kati ya Mama Chebet na yule kijana mwenye makohozi, na mimi sina mwingine wa kusimama hapo. Vaa viatu."

Nikavaa. Tulipofika akanisimamisha mahali pangu, akaenda zake. Tangu siku hiyo mpaka kilima kikaisha, nilikuwa nikiona kitu naweka mikono nyuma ya mgongo, naishika, mkono mmoja unazuia mwingine. Bado nafanya hivyo hata sokoni, wewe na ndugu zako mnanicheka.

Sasa jambo lingine ambalo linaniuma. Ulipopita mtihani na ukaniambia unaenda chuo kikuu kusoma mambo ya kale, badala ya kushangilia nilikurukia. Unakumbuka? Nilisema, "Ati unasoma nini? Vigae? Mimi nimeokota vigae bila kwenda shule!" Nilitaka uwe nesi. Nilitaka kofia nyeupe na nyumba ya serikali. Likizo nzima tulikuwa tunapitana hapa ndani kama wapangaji. Nilikuwa nasema ni kwa ajili yako, kumbe niliogopa. Niliogopa utafika pale ambapo mimi niliaibika, halafu uone jinsi lile kosa lilivyokuwa kubwa. Ulisoma, ukaliona kwa ukubwa wake wote, na siku moja uliporudi nyumbani ukaniuliza pole pole, "Mama, zile shanga zilikuwa za mifupa au za kauri?" Ukaniuliza kama mtu anayemuuliza mwenzake wa kazi. Nilienda nyuma ya nyumba nikacheka na kulia pamoja. Sijawahi kukwambia asante kwa hilo. Asante.

Haya, sasa mjomba wako.

Usimchukie. Wanyonyi si mtu mbaya. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, na ndiye aliyeuza baiskeli yake ili niolewe na nguo ya maana. Tumbaku imemmaliza kifua. Moshi wa kukaushia majani ukiingia mtu miaka yote hiyo, kikohozi hakitoki tena. Vijana wake wanashinda madukani Malakisi wakingoja kazi ambayo haiji. Kampuni imemwambia itanunua ile sehemu yake ya juu na itaandika vijana wa pale kwanza. Kwa hivyo aliketi hapo kwa kiti cha baba yako, akanywa chai, akakohoa, akaanza.

"Dada, hiyo mlima iko na nini? Mawe na nyani tu. Si unajua?"

Nikasema sijui, ndiyo maana watu wanaenda kuangalia.

"Mtoto ni wetu, bana. Aandike tu hakuna kitu, watu wapate kazi. Nani ataumia? Wale wa zamani walishakufa!"

"Na asipoandika hivyo?"

Hapo akaangalia ndani ya kikombe. Akasema yeye ndiye mjomba. Akasema siku Nekesa anaolewa kuna ng'ombe wa mjomba, na kuna maneno ya baraka ya mjomba, na bila maneno hayo msichana hutoka nyumbani akiwa nusu. Hakusema atakunyima. Ndugu yangu hajui kutisha watu. Lakini aliliweka pale mezani nilione, kisha akamtoa jogoo chini ya kiti akanipa.

Ungeniona, Nekesa. Nilibaki nimemkumbatia huyo jogoo. Nilikuwa nafikiria kifua chake, na vijana wake, na ndoa yako, na jinsi ingekuwa rahisi kukuita hapo ukiwa unaosha vyombo nikakunong'oneza kidogo tu. Mtoto humsikiliza mama. Halafu nikaona lile fuvu dogo, na vile vijana wa watu walivyovua kofia.

Nikamwambia, "Wanyonyi, huyu mtoto nimemzaa, lakini macho yake sikumpa mimi ili nimfumbe ninapotaka. Kama mlima hauna kitu ataandika hauna kitu, na mtapata kazi yenu, na mimi nitafurahi na nyinyi. Kama una kitu ataandika pale kilipo, na kampuni itapazunguka, na itachimba pengine. Kilima Fisi walichimba. Watu walikula. Nani alikwambia bendera inafukuza kampuni?"

Akasema ndivyo wanavyosema Malakisi.

"Basi umesema na mimi sasa. Rudi uwaambie hivyo."

Akasimama. Hakuaga vizuri. Mlangoni akageuka akasema neno ambalo lilinichoma. "Wewe hutaki mlima uchimbwe kwa sababu ya boma ya Mama. Mimi nakujua." Akaenda.

Jogoo nimemfikiria wiki nzima. Nikimchinja, nimekubali. Nikimrudisha, nimemtukana ndugu yangu, na hilo halifutiki upesi. Leo mchana nikapata njia. Ukishaenda, na mimi nitaenda Malakisi wiki ijayo, nimpeleke huyo jogoo pamoja na yule mtetea wangu mweupe anayetaga. Jogoo akirudi na mke, huyo si wa kurudishwa tena, huyo ni wa kufuga, na hakuna mtu wa kwetu atakayesema nimemkataa Wanyonyi. Nitakaa kwake, nitampikia, nitamkanda kifua, na nitamwambia jibu lile lile. Ng'ombe wake atampata siku yake ikifika, na maneno yake atayasema, nitahakikisha. Hilo niachie mimi. Wewe usiende nalo mlimani.

Lakini lile neno lake la mlangoni bado liko nami, kwa sababu ni kweli.

Wewe bibi yako hukumwona. Alikufa kabla hujazaliwa, ndiyo maana ulipokuja ukapewa jina lake. Yeye ndiye Nekesa wa kwanza. Kabla baba yangu hajahamisha watu chini kwenye tumbaku, boma lao lilikuwa juu, pale mlima unapolegea kidogo kabla ya kuwa mwamba mtupu. Hapo alituzaa sisi wote. Mafiga yake matatu bado yapo. Nilipanda nikayaona mwaka ule nilipomzika baba, nyasi zimeyafunika lakini yapo, na moja limepasuka kwa moto. Nilikaa katikati yao kama kuku anayeatamia.

Tangu Jumapili nimejua kwamba mjomba wako alikuja kukuvuta upande mmoja, na mimi hapa hapa nyumbani nilikuwa najiandaa kukuvuta upande wa pili. Ningekwambia tu uanzie mstari wako pale juu. Ningekwambia kwamba nikiwa msichana niliona vigae hapo, na labda niliviona kweli, labda vilikuwa vya chungu cha mama mwenyewe alichokivunja akatutukana sisi. Nani angejua? Bendera chache tu, na mashine ingepita mbali. Nimeliwazia hilo nikisonga ugali, nikikama ng'ombe, nikiwa kanisani nimesimama najisifu kwa ajili yako.

Madam alitufundisha kwamba mahali ambapo mtu aliye hai bado anapakumbuka si mahali pa kale. Jiko la jana, alisema, si kazi yetu. Kwa hivyo kwa kanuni ya kazi yako, mafiga ya mama yangu ni mawe matatu tu. Najua. Usiyawekee bendera.

Ukifika hapo, pita na mstari vile unavyopita pengine. Kama chini yake kuna watu wa zamani zaidi, wataonekana, na utaandika. Kama hakuna, andika hakuna, na mashine ipande mpaka hapo kama itapanda. Nitalia, na nitamlilia Wanyonyi kwenye kifua chake kibovu, na yeye atalia pia, maana na yeye alizaliwa hapo. Lakini usinihurumie kwa kalamu, mama. Mimi nilishapoteza nyumba ya watu kwa kuitengeneza ipendeze, sitaki mtoto wangu apotoshe mlima kwa kunipendeza mimi.

Nimetembea mstari na watu wengi wazuri. Hakuna hata mmoja wetu ambaye jina lake liliandikwa kwenye ile ripoti ya Kilima Fisi. Ya mlima wa kwetu itakuwa na jina lako chini yake, na watakaoisoma huko Nairobi hawatajua kwamba hilo jina liliwahi kuitwa kutoka mlango wa boma, hapo hapo juu, jioni, mtu akiambiwa arudi moto unazima. Mimi nitajua. Pale alipopikia Nekesa amepita Nekesa, akaangalia chini, akaandika alichokiona.

Mama yako anayejivuna,
Nasimiyu